Mngurumo Unaopita Ukutani

Umeme ukikatika usiku kwenye mtaa wenye maduka chini na vyumba vya kupanga juu, jenereta huwashwa moja baada ya nyingine. Watu hufunga madirisha. Kelele nyembamba hupungua papo hapo: kugongana kwa mabati ya kasha la mashine, mabishano ya vijana barazani, honi ya bodaboda. Kinachobaki ni kile kizito, mngurumo unaosikika kifuani na kwenye godoro kuliko unavyosikika masikioni. Shusha pazia, jifunike gubigubi, weka mto juu ya kichwa, upo palepale. Mtu hulala nao, huamka kachoka, na akiulizwa kilichomchosha hana jibu la haraka.

Mngurumo huo una hesabu yake. Jenereta ya dizeli yenye silinda nne, ya aina inayokaa nyuma ya maduka makubwa na benki, huzunguka mara 1,500 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50, yaani umeme unaokamilisha mzunguko wake mara 50 kila sekunde. Mizunguko 1,500 kwa dakika ni 25 kwa sekunde. Injini ya mipigo minne yenye silinda nne hulipua mafuta mara mbili katika kila mzunguko. Kwa hiyo moshi hutoka kwenye eksozi kwa vishindo 50 kwa sekunde, na vishindo hivyo ndivyo mlio wenyewe. Jenereta ndogo ya petroli ya silinda moja, ile inayowekwa mlangoni kwa kinyozi, huzunguka mara 3,000 kwa dakika na kulipuka mara 25 kwa sekunde; juu ya mdundo huo hupanda milio mingine ya hezi 50, 75, 100 na kuendelea. Hata transfoma iliyo juu ya nguzo huvuma kwa hezi 100, kwa sababu chuma chake cha ndani hurefuka na kufupika kiduchu mara mbili katika kila mzunguko wa umeme.

Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Gawanya kwa 50, unapata wimbi lenye urefu wa karibu mita saba, refu kuliko chumba cha kulala cha nyumba nyingi. Mlio mwembamba wa hezi 2,000 una wimbi la sentimita 17 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayotutesa. Sponji, zulia na mapazia mazito humeza sauti vizuri pale unene wake unapokaribia robo ya wimbi. Robo ya mita saba ni mita moja na robo tatu hivi, na hakuna mwenye chumba atakayekubali kukijaza sponji la unene huo. Ndiyo maana trei za mayai zinazobandikwa kwenye kuta za studio nyingi za mtaani haziigusi besi hata kidogo. Zinatawanya milio ya juu kidogo, basi. Mtayarishaji wa muziki anaridhika kwamba chumba hakina mwangwi, na jirani anaendelea kuhesabu midundo.

Ukuta nao una kanuni inayoutawala, ambayo wahandisi huiita sheria ya uzito. Ukiuongezea ukuta uzito mara mbili, unapata nafuu ya desibeli sita hivi. Na mlio ukishuka hadi nusu ya marudio yake, yaani nusu ya idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, unazipoteza desibeli sita hizohizo. Ukuta wa tofali la inchi sita uliopigwa plasta una takriban kilo 300 kwa kila mita ya mraba. Kwenye karatasi unapunguza mlio wa hezi 50 kwa desibeli 36. Kuongeza desibeli 12 juu ya hizo kunataka uzito mara nne, ambao ni ukuta wa inchi 24. Bati la geji 30 lenye unene wa kama milimita 0.3 halifikishi hata kilo tatu kwa mita ya mraba, na kwa hezi 50 sheria hiyo inasema halizuii chochote. Kwa watu wengi wa pwani na bara, bati hilo ndilo paa, na chini yake kuna dari jepesi ambalo halina cha kuongeza.

Kwa zaidi ya karne moja ujenzi umejibu mlio mzito kwa zege, risasi na uzito. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni la mwenye fedha. Tangu mwaka 2000 kumekuwa na jibu jingine linalokomaa kwenye maabara, na ninaamini linatuhusu sisi kuliko linavyowahusu baadhi ya walioligundua. Linaitwa metamateriali: vitu ambavyo nguvu yake haitokani na madini yaliyotumika bali na umbo, mpangilio na ulegevu wa vipande vidogo vilivyofungwa ndani yake.

Kufuli kwenye raba bendi

Anayetaka kuelewa kinachotokea humo ndani hahitaji maabara. Chukua raba bendi nne au tano, zifunge ziwe kamba moja, ning'iniza kufuli dogo kwenye ncha. Shika ncha ya juu kwa vidole viwili, kisha upandishe na kuushusha mkono polepole sana. Kufuli litafuata mkono: ukipanda linapanda, ukishuka linashuka. Ongeza kasi kidogo kidogo. Utafika mahali ambapo mkono unasogea kiduchu tu lakini kufuli linaruka juu na chini kwa nguvu ya kutisha. Hapo umeugusa mdundo wake wa asili, ule linaoupenda. Usiishie hapo. Zidisha kasi uvuke mdundo huo, na uangalie kwa makini. Kufuli linageuka. Mkono ukipanda, lenyewe linashuka. Mkono ukishuka, linapanda. Na vidoleni utahisi linakuvuta kuelekea kule usikotaka kwenda.

Sasa tuseme raba na kufuli vimefichwa ndani ya kopo, na mtu anashika kopo bila kujua kilichomo. Analisukuma juu, nalo linajibu kwa kuvuta chini. Mtu huyo angekuwa na haki ya kusema kwamba kopo lina uzito ulio chini ya sifuri. Wanafizikia wanasema hivyo hasa, tena kwa hesabu kamili: kwa mitetemo ya kasi iliyozidi kidogo mdundo wa asili wa kile kilichofichwa, kitu kizima hujibu kana kwamba uzito wake ni hasi.

Paneli ikijazwa mamia ya makopo hayo, wimbi la sauti likaja likiwa na kasi hiyo ya mtetemo, halina njia. Kila linapotaka kuisukuma paneli mbele, vipande vya ndani vinairudisha nyuma. Nguvu ya wimbi hufifia ndani ya tabaka za mwanzo na sehemu kubwa hurudi ilikotoka. Na angalia jambo lililo la thamani kuliko yote: ukubwa wa kufuli hauna uhusiano wowote na urefu wa wimbi. Kinachoamua mdundo ni uzito wa kufuli na ulegevu wa raba. Raba ikilegezwa zaidi, mdundo hushuka zaidi, na kipande kinabaki na udogo uleule. Wimbi la mita saba linaweza kukataliwa na kitu cha sentimita chache.

Wazo la kutuliza mtetemo mkubwa kwa kitu kidogo kinachotetemeka kinyume si geni. Mjerumani Hermann Frahm alipata hataza yake Marekani mwaka 1911, akifikiria meli na mashine. Jengo la Taipei 101 lina tufe la chuma la tani 660 lililoning'inizwa karibu na kilele ili kupunguza kuyumba kwa upepo. Lakini mfano ulio karibu nasi zaidi uko juu ya vichwa vyetu. Tazama nyaya za umeme mkubwa zinapofika kwenye mnara, iwe ni njia ya kutoka Kidatu kwenda Dar es Salaam au ya kutoka Olkaria kwenda Nairobi. Karibu na pale waya unapoushika mnara utaona kijiti kifupi kilicholala chini ya waya, kina kinundu cha chuma kila upande. Hicho ni kifaa alichokibuni mhandisi Mmarekani George Stockbridge katika miaka ya 1920. Upepo mtulivu wa mita tatu kwa sekunde ukipita kwenye waya wenye unene wa sentimita mbili na nusu, huuacha ukitetemeka takriban mara 24 kwa sekunde, kwa mwendo mdogo usioonekana kutoka chini, usiku na mchana, mpaka nyuzi zake zichoke na kukatika. Vile vinundu viwili, kila kimoja kwenye kipande chake cha waya unaonesa, hucheza kwa mdundo wao na kuimeza nguvu hiyo. Gridi zetu zinalindwa na vinundu hivyo, na wengi wetu tumepita chini yake maisha yote bila kuuliza kazi yake.

Risasi, mpira na gundi

Hatua ya kutoka kwenye kinundu kimoja kwenda kwenye kitu kizima chenye tabia mpya ilipitia mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1995 watafiti wa Hispania walipima sauti iliyopita katikati ya sanamu ya Eusebio Sempere iliyosimama Madrid, msitu wa mabomba ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 2.9 yaliyopangwa kwa nafasi ya sentimita kumi. Walikuta kwamba mlio wa hezi 1,670 haukupita vizuri upande wa pili. Mabomba yalikuwa yakirudishiana mawimbi kwa mpangilio uliofanya yafutane. Ugunduzi ulikuwa mzuri, lakini ulibaki chini ya kongwa la urefu wa wimbi: ili kufanya hivyo kwa hezi 50, nafasi kati ya bomba na bomba ingebidi iwe mita tatu na zaidi.

Waliolivua kongwa hilo walikuwa Ping Sheng na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong. Septemba 2000 walichapisha katika jarida la Science kazi iliyotumia vitu ambavyo fundi wa Gerezani au Gikomba angevijua kwa macho: vigololi vya risasi vya kipenyo cha sentimita moja, kila kimoja kimevikwa ganda la mpira wa silikoni la milimita mbili na nusu, vyote vimepangwa nane kwa nane kwa nane ndani ya gundi ngumu ya epoksi, nafasi kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine ikiwa sentimita 1.55. Risasi ndiyo kufuli. Silikoni ndiyo raba bendi. Epoksi ndiyo mkono. Karibu na hezi 400 mtetemo ulikataa kupita, ingawa wimbi lake ndani ya epoksi lilikuwa refu zaidi ya mara mia kuliko nafasi kati ya vigololi. Sheria ya uzito ilikuwa imevunjwa mbele ya macho ya wapimaji.

Risasi ni nzito na ina sumu, kwa hiyo kundi hilohilo likatafuta wepesi. Mwaka 2008 walionyesha utando mwembamba wa mpira uliovutwa juu ya fremu ngumu yenye vyumba vidogo, katikati ya kila chumba kimebandikwa kidonge kidogo cha chuma. Utando ndio springi, kidonge ndicho uzito. Miaka miwili baadaye walirundika tabaka kadhaa za tando hizo na kupata paneli isiyozidi milimita 60 kwa unene na kilo 15 kwa mita ya mraba, iliyopunguza sauti kwa wastani wa zaidi ya desibeli 40 kati ya hezi 50 na 1,000. Ukiirudisha hesabu ya sheria ya uzito, kilo 15 za ubao wa kawaida zingetoa desibeli kumi na kidogo tu kwa hezi 50. Paneli ya kubebwa na mtu mmoja ilikuwa ikifanya kazi ya ukuta wa mawe.

Viwanda vikaanza kusogea. Nissan ilionyesha Las Vegas mwaka 2020 kipande cha aina hiyo kwa ajili ya magari, wavu wa plastiki uliofunikwa utando, chenye robo ya uzito wa mpira mzito unaotumika kuzuia mvumo wa barabara wa hezi 500 hadi 1,200. Katika gari la umeme, ambalo kila kilo inakula betri, robo hiyo ni fedha.

Maabara ya Chuo Kikuu cha Boston nayo ilitoa mwaka 2019 pete iliyochapishwa kwa mashine ya 3D ambayo sehemu yake kubwa iko wazi, hewa inapita, lakini mlio uliolengwa unazuiwa kwa asilimia 94. Takwimu hiyo ilisambaa duniani kana kwamba ukimya umepatikana. Inafaa isomwe kwa utulivu: kubakiza asilimia sita ya nguvu ya sauti ni kupunguza desibeli 12, na sikio huona kelele imeshuka chini ya nusu kidogo. Ni hatua kubwa kwa kitu chenye tundu katikati. Lakini anayeishi jirani na mashine bado ataisikia.

Chini ya miguu

Mtetemo hausafiri hewani tu. Treni nzito, mashine ya kushindilia barabara, nyundo ya kupigilia nguzo za msingi: vyote husukuma mawimbi ndani ya udongo, nayo huingia nyumbani kupitia msingi na kutikisa vyombo kabatini. Ufaransa, karibu na Grenoble, wahandisi wa misingi wa kampuni ya Ménard pamoja na wanafizikia wa Marseille, akiwemo Sébastien Guenneau, walifanya jaribio mwaka 2012 ambalo kila mchimba visima anaweza kulielewa. Walichimba safu za mashimo matupu yenye kipenyo cha sentimita 32 na kina cha mita tano, wakaweka mtambo wa kutetemesha ardhi kwa hezi 50 upande mmoja, na vipima mtetemo pande zote. Mawimbi yalifika kwenye mashimo na kwa sehemu kubwa yakarudishwa kwenye chanzo. Udongo uliotobolewa kwa mpangilio ulikuwa umegeuka kizuizi.

Watafiti wa Ufaransa na Uingereza hawakuishia hapo. Mwaka 2016 walionyesha kwamba msitu wenyewe unaweza kufanya kazi hiyo kwa baadhi ya mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa ardhi: kila mti ni fimbo iliyosimikwa, una mdundo wake, na ukiwa pamoja na wenzake wa urefu unaokaribiana unayazuia mawimbi yenye mdundo huo. Mwaka huohuo, katika msitu wa misonobari wa Landes kusini magharibi mwa Ufaransa, vilitandazwa vipima mtetemo vipatavyo elfu moja ili kuliona jambo hilo likitokea. Nalipenda jaribio hili kuliko yote niliyoyataja. Tumezoea kuambiwa kwamba miti kando ya barabara au reli inazuia kelele, na kwa sauti ya hewani mstari mwembamba wa miti hausaidii sana. Hapa mti unazuia kwa shina na mizizi, kwa sababu ambayo hakuna aliyekuwa akiifikiria alipoupanda.

Wapo wanaolipeleka wazo hili hadi kwenye matetemeko ya ardhi. Kwa hilo naomba subira. Mawimbi ya tetemeko yanayobomoa majengo huwa na mitetemo michache tu kwa sekunde, au pungufu ya mmoja, na urefu wa mamia ya mita. Kuyakataa kunahitaji vitu vikubwa mno vilivyozikwa kuzunguka jengo. Mji unaokaa kwenye bonde la ufa una kazi ya nondo na zege bora ya kufanya kwanza.

Udhaifu unaotufaa

Metamateriali zina udhaifu mmoja mkubwa, na wanaoziuza hawaupendi. Kipande kilichotengenezwa kwa hezi 50 huzuia vizuri hezi 50 na majirani zake wa karibu. Mlio ukihamia 70, kipande kinalala. Unaweza kuchanganya vipande vya midundo tofauti ili kupanua eneo, au kutumia mpira unaofifisha mtetemo haraka, lakini kila upanuzi unalipiwa kwa unene au kwa nguvu ya uzuiaji. Mwaka 2017 Ping Sheng na wenzake walionyesha kwamba gharama hiyo haikwepeki kwa vimezaji vya sauti: kanuni ya kwamba tokeo haliwezi kutangulia chanzo chake inaweka unene wa chini kabisa kwa kila upana wa milio unaotaka kuimeza. Hakuna fundi atakayeipita kanuni hiyo.

Kwa barabara kuu ya London au Chicago, yenye magari ya kila aina yanayoongeza na kupunguza mwendo, udhaifu huo ni kikwazo cha kweli. Kwetu hali ni tofauti. Kelele nzito ya miji yetu kwa kiasi kikubwa inatoka kwenye mashine zilizofungwa kwenye mdundo mmoja. Jenereta haiwezi kuacha mizunguko yake, kwa sababu taa na friji zinataka hezi 50. Transfoma haiwezi kuacha 100. Mota ya mashine ya kusaga unga inazunguka karibu na kasi ileile asubuhi hadi jioni. Hizi ni kelele zenye anwani. Kitu kinachojua kuzuia mlio mmoja tu, na kwa uhodari mkubwa, hakihitaji kujua zaidi ya huo.

Tena vipande hivi vinaweza kuanzia kwenye vitu vya kawaida kabisa. Puliza juu ya mdomo wa chupa ya soda ya kioo, utapata mlio ulio karibu na hezi 200. Hewa ya shingoni ndiyo uzito, hewa ya tumboni ndiyo springi. Hermann von Helmholtz aliieleza hesabu yake katikati ya karne ya 19. Dumu la lita 20 lenye mdomo wa sentimita nne au tano, kwa hesabu hiyohiyo, lina mdundo kati ya hezi 60 na 70, na kuta zake za plastiki zinazonesa huushusha kidogo. Ukitaka 50, refusha shingo au punguza mdomo. Chemba ya chuma yenye ujazo na shingo iliyopigiwa hesabu, ikichomelewa ubavuni mwa bomba la hewa la chumba cha jenereta, inafanya kazi kwa kanuni ileile. Safu ya chemba kama hizo, zilizopangwa zikitofautiana kidogo kidogo, tayari ni metamateriali. Mchomeleaji wa mtaani anaweza kuitengeneza kama atapewa vipimo.

Ninasikitika kuona kwamba vipimo hivyo havimfikii. Kasha la jenereta linalotengenezwa mitaani huwa ni bati na sponji, na likifungwa sana mashine inachemka, kwa hiyo linaachwa na matundu, na mlio mzito unatoka kwenye matundu hayohayo. Hapo ndipo vitu vya aina ya ile pete ya Boston vingeleta nafuu: kuacha hewa ipite na kuukataa mlio mmoja. Fedha inayotumika kwenye sponji isiyofanya kazi ingetosha kulipia majaribio ya kwanza.

Kuna jambo jingine linalofanya tatizo hili lisionekane, nalo ni kipimo chenyewe. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, na Tanzania ina za mwaka 2015. Ni kanuni nzuri kuwa nazo. Za Kenya zinataka kelele usiku kwenye makazi isizidi desibeli 35 za kipimo cha A. Kipimo hicho, kinachotumika duniani kote na kilichomo pia kwenye programu nyingi za simu, hupunguza uzito wa milio mizito kwa kufuata usikivu wa sikio kwa sauti ndogo. Kwa hezi 50 huondoa desibeli 30 nzima. Kwa hezi 100 huondoa 19. Mngurumo wa desibeli 70 chumbani unasomeka 40. Mkaguzi anaangalia namba, anaona haijapita sana, na mlalamikaji anaonekana mkorofi. Shirika la Afya Duniani lilieleza tangu mwongozo wake wa mwaka 1999 kwamba pale milio mizito inapotawala, kiwango cha desibeli 30 chumbani kinapaswa kushushwa zaidi. Mkaguzi akibonyeza kitufe na kusoma pia kipimo cha C, ambacho kwa hezi 50 hakiondoi hata desibeli mbili, pengo kati ya namba hizo mbili litamwambia mara moja kwamba ana mngurumo mbele yake. Vifaa vingi vya ukaguzi tayari vina kitufe hicho.

Fundi atakayelishika jambo hili ajihadhari na joto. Vipimo vya maabara vimefanywa kwenye nyuzijoto 20 au zinazokaribia hapo. Chumba cha jenereta mchana wa Februari, mlango umefungwa, kinaweza kufika nyuzi 50, na hapo sauti haitembei mita 343 kwa sekunde bali 360. Chemba iliyokatwa kwa hezi 50 kwenye kitabu itaitika kwenye 52 na nusu. Ndani ya eksozi, moshi ukiwa nyuzi 400, mwendo wa sauti unapita mita 500 kwa sekunde, na hesabu yote inabidi ianze upya. Mpira nao hulegea kwa joto na hukakamaa kwa uzee, kwa hiyo mahali penye moto ni heri springi ya chuma au hewa yenyewe. Gavana ya injini, yaani kidhibiti cha mwendo wake, nayo ina lake: jenereta nyingi huzunguka kwa hezi 52 zikiwa hazina mzigo na kushuka kuelekea 50 mzigo unapoingia. Kwa sababu hizo zote chemba iwe na shingo inayoweza kurefushwa na kufupishwa kwa uzi wa skrubu, na marekebisho yafanyike papo hapo, injini ikiwa imeshachemka, taa zote za jengo zikiwa zinawaka, simu ya kupimia marudio ikiwa imewekwa kwenye dirisha la jirani.